Maswali ya Wasomaji: Anayenijua kwa Mwendo Atanilinda na Kwanta?

SWALI: Assalaam aleikum, Mwalimu. Nina nyumba ya wageni Shela, na malipo yote hupitia simuni. Mwanangu aniambia kompyuta za kwanta zikija kila namba ya siri itavunjwa, na kinga ni akili unde inayomtambua mtu kwa tabia zake. Ni kweli? — Mama wa Shela

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Mwanao ameshika mambo mawili ya kweli akayafunga kamba moja.

Shangazi yangu, Langoni, humjua mtu kabla hajapiga hodi. Huyu huburuta kandambili, yule hukohoa akifika kona. Akili unde hufanya vivyo hivyo: hujifunza kasi ya vidole vyako, unavyoishika simu, saa unazomlipa mvuvi. Mwizi mwenye namba yako ya siri hatabonyeza kama wewe, na malipo yanaweza kuzuiwa. Nalipenda sana jambo hilo.

Lakini kompyuta ya kwanta, ile inayopiga hesabu kwa kanuni za chembe ndogo mno, haipigi hodi mlango huo. Hata namba yako ya siri siyo inayolengwa hasa. Simu na benki hutambuana kwa funguo za hesabu, na mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha kuwa kompyuta ya kwanta yenye nguvu ya kutosha ingeweza kuzipasua zile tunazozitegemea sana, kama za mfumo uitwao RSA. Mwizi akizipasua, ataweza kujifanya benki. Hapo hata ukitambuliwa sawasawa, aliyekutambua si benki.

Dawa yake ni hesabu nyingine. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu: ML-KEM ya kukubaliana ufunguo, ML-DSA na SLH-DSA za saini za kidijitali. Hazihitaji kompyuta ya kwanta. Simu za kawaida zinaziweza. Kuzibadilisha ni kazi ya benki na watengenezaji wa simu. Yako ni kupokea masasisho yanapokuja, hata mtandao ukiwa mzito.

Kinachoninyima usingizi leo ni sauti. Akili unde hiyo hiyo huiga. Mwezi uliopita jirani yangu alipigiwa na “mwanawe” akililia nauli, naye mwanawe yuko chumba cha pili, amelala! Kwa hiyo usikubali sauti peke yake iwe ufunguo wako. Na uso, mama, ukiibwa huwezi kuubadilisha kama namba.

Ukienda mjini, ingia benki uwaulize: alama za uso wangu zinakaa simuni mwangu au kwenu? Na funguo zenu mmeanza kuzibadilisha? Wakikujibu kuwa akili unde yatosha, niandikie tena.