Mkifika Dar kwa miguu, msilale kwenu

Kuna dada kanitumia meseji wiki hii, yeye na mchumba wake wanataka kupiga mguu Bagamoyo mpaka Kilwa Masoko kama tulivyofanya mimi na mume wangu, anauliza wakifika Dar wapumzike au wapitilize. Nimemjibu kifupi ila nikaona bora niandike na hapa, maana najua mko wengi mnaoitamani hii safari, wengine mnaona aibu tu kuuliza.

Pumzikeni. Hilo halina mjadala. Bagamoyo mpaka mjini ni kama kilomita 70, Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju, jua la utosi na malori, unatembea kulia ili uyaone yanavyokuja, basi, sina zaidi la kusimulia hapo. Na Kilwa bado iko kilomita karibu 300 mbele yenu. Cha kujiuliza ni mtalala wapi.

Sisi kwetu Tabata. Tulivyofika tu Mwenge mume wangu akaanza, si twende nyumbani tukaoge tulale kitandani kwetu. Nikamwambia baba, ukiingia pale hutoki. LUKU itakuwa imeisha, mwenye duka atakuja na daftari lake la madeni, jirani atakuwa na msiba na hamuwezi kuukwepa wakati mmeonekana, mara siku tatu zimeisha mko kwenye kochi. Akanuna. Nikashika msimamo hivyo hivyo, tukachukua gesti Kariakoo, feni na maji ya ndoo, nikasema na simu hapigiwi mtu.

Asubuhi nikaanza na miguu. Nilikuwa na malengelenge chini ya vidole na lingine kisigino, hilo la kisigino limejaa maji mpaka linang'aa. Beseni nikaazima kwa dada wa mapokezi, maji ya uvuguvugu na chumvi, alafu spiriti, pamba na plasta za duka la dawa. Sindano unaisafisha na spiriti, unatoboa pembeni, unaminya taratibu maji yatoke, ngozi unaiacha pale pale. Msiibandue jamani, hata ikining'inia, ukiibandua tu safari yako imeishia hapo.

Raba za mume wangu zilikuwa zimeachama mbele. Yule fundi viatu wa pembeni ya barabara alizipaka gundi, akazishona kuzunguka soli yote kwa uzi mweusi mnene, akazigonga nyundo, akasema "kaka hizi zinafika Mtwara." Zimefika Kilwa na mpaka leo anaendea nazo sokoni.

Jioni yeye akaenda kibanda umiza, Yanga walikuwa wanacheza, mimi nikalala kama sina wazazi. Na hili mlisikie vizuri: siku ya kupumzika kila mtu apewe masaa yake. Mmeshinda njiani mnanusiana jasho, mmebishana kuhusu maji na kivuli, sasa mkifungiana tena chumba kimoja kutwa mtagombana kwa kitu cha kijinga kabisa. Alirudi usiku anacheka peke yake, kabeba chipsi mayai, kununa kwote kumeisha.

Kilichotuponza ni begi. Tulipunguza mizigo, jiko la gesi, jinzi, sufuria ya pili (ya nini jamani?), tukampa bodaboda apeleke Tabata. Akapokea wifi yangu, akamhoji boda mizigo kaitoa wapi, boda naye bila hiyana, gesti moja Kariakoo mama. Kabla ya magharibi grupu la familia linawaka moto, mke gani anamlaza mume gesti na nyumba ipo, kuna nini kinafichwa. Mpaka leo kwenye shughuli ananiita "mama gesti" watu wanacheka, na mimi nacheka, ila inauma. Kaka yake kafika Kilwa kwa miguu yake mwenyewe, mbona hilo halisemi? Angelala Tabata ile siku angeishia Tabata, na anajua.

Kwa hiyo nyie wachumba mjipime hapo. Kama mmoja wenu hawezi kukaa mji mmoja na ndugu zake bila kwenda kuripoti, hayo mambo yamalizeni kabla ya Bagamoyo, tena yamalizeni kabla ya mahari. Watu wataongea tu, hata mngelala nyumbani wangeongea mmekuja wachafu.

Kutoka mjini ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Sisi hatukupita Mbagala, foleni na moshi wa nini, tulivuka pantoni Feri tukapita Kigamboni, Mjimwema, tukaja kutokea Kongowe, hapo ndio mnaishika Barabara ya Kilwa kwenda Vikindu na Mkuranga. Na begi la ziada mpelekeeni rafiki asiyemjua wifi yenu.