Kabla hujaandika "kutwa mara tatu"

Wadogo zangu mlioanza zamu juzi kwenye dirisha la dawa, nawapenda, lakini "mtoro wa dawa" linawatoka haraka mno. Mama asiye na makazi akirudi na vidonge vimebaki, mnamkaripia kabla ya kumuuliza.

1. Ulizeni habari za choo. Mama mmoja wa presha aliandikiwa haidroklorothiazaidi, dawa ya kukojosha, kila asubuhi. Kila akija kliniki presha iko juu. Dozi ikapandishwa, dawa ya pili ikaongezwa, na kwenye faili ikaandikwa kwamba hafuati maelekezo. Hakuna aliyemuuliza anashinda wapi. Alishinda barabarani na wanawe wawili, choo cha karibu ni cha kulipia, na hela hiyo ndiyo ya kuwalisha watoto. Dawa ya kukojosha akawa anairuka. Siku alipolazwa kwa ugonjwa mwingine, akapewa dozi zote kama zilivyoandikwa. Presha ikaporomoka, akaanguka njiani kwenda msalani. Zile dozi tulikuwa tumezipandisha kwa kuhesabu vidonge ambavyo hakuwahi kuvimeza! Mpaka leo inaniuma. Alipobadilishiwa amlodipini, kidonge kimoja kwa siku kisichomkimbiza chooni, presha ikashuka na haikupanda tena.

2. Amoksilini ya unga, dawa ya watoto ya kuua bakteria, inataka maji safi na kipimo, na ikishachanganywa haikai siku nyingi. Kama vipo, toeni vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250: mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye nimonia hupewa kimoja mara mbili kwa siku, kwa siku 5, hata kwenye kijiko cha maziwa ya mama. Na mtazameni yule wa mgongoni. Wakikohoa wawili na dawa ni ya mmoja, mama atawagawia, na hakuna atakayepata dozi kamili. Mama gani angefanya vingine?

3. Anayelala nje na binti yake hawezi kumeza dawa ya kumlaza fofofo. Usiku ndiye mlinzi. Mrudisheni kwa daktari atafute nyingine.

4. Insulini iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hustahimili takriban wiki 4 bila friji, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Msimnyime mgonjwa wa kisukari kwa sababu hana friji.

5. Dawa za mwezi mzima huibiwa. Za wiki moja humrudisha dirishani mara nne, na huenda nauli hana. Achague mwenyewe, ninyi andikeni alichochagua.