Neno "bill" na Kazi Zake: Majibu kwa Wasomaji

Maswali yaliyonifikia safari hii yanahusu neno moja la Kiingereza, "bill", ambalo mkazi wa Nairobi hulikuta bungeni, hospitalini, bandarini na kwenye simu yake, kila mahali likiwa na kazi tofauti. Nimeanza na swali ambalo, tukilikosea, raia ndiye anayeumia zaidi.

Watangazaji wengine husema "sheria ya fedha", wengine "mswada wa fedha". Je, ni kitu kimoja? (Msomaji, Buruburu)

Si kitu kimoja, na tofauti yao ni nzito kuliko inavyodhaniwa. "Bill" inayojadiliwa bungeni ni mswada, yaani pendekezo la sheria lililoandikwa ambalo bado linaweza kurekebishwa, kukataliwa au kuondolewa. Likishapitishwa na kuidhinishwa ndipo Waingereza huliita "Act", nasi huliita sheria. Kiswahili kilichagua vyema hapa, kwa kuwa mswada, neno lililotoka Kiarabu, ni andiko la awali, na ndiyo sababu mwandishi wa riwaya naye hupeleka mswada kwa mchapishaji kabla haujawa kitabu. Majirani zetu wa Tanzania huandika muswada, na maana ni ile ile.

Kati ya mswada na sheria kuna safari ndefu. Mswada husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwa kamati ambayo hupokea maoni ya wananchi kwa kuwa Kifungu cha 118 cha Katiba kinataka umma ushirikishwe, husomwa mara ya pili na ya tatu, kisha hufika kwa Rais, ambaye chini ya Kifungu cha 115 ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha bungeni pamoja na maelezo ya mambo asiyokubaliana nayo. Mfano ulio karibu nasi ni Mswada wa Fedha wa 2024: wabunge waliupitisha tarehe 25 Juni, siku ambayo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Kwa hiyo Kenya haina Sheria ya Fedha ya 2024, na anayeitaja kwa jina hilo anataja kitu ambacho hakikuzaliwa. Mtangazaji anapouita mswada "sheria" humwambia msikilizaji, bila kukusudia, kwamba wakati wa kutoa maoni umekwisha. Nawasihi wenzangu wa redio walichunge neno hili kuliko mengine yote ya bungeni.

Ikiwa "bill" ni pendekezo tu, kwa nini "Bill of Rights" iliyomo katika Katiba yetu ina nguvu kamili? (Mwanafunzi wa sheria, Parklands)

Jina hilo tulilirithi. Bunge la Uingereza lilipitisha hati ya namna hiyo mwaka 1689 ikawa sheria kamili, lakini jina la "bill" likabaki. Wamarekani nao wakalitumia kwa marekebisho kumi ya kwanza ya katiba yao, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Kwetu ni Sura ya Nne ya Katiba ya 2010, kuanzia Kifungu cha 19 hadi cha 59.

Ukitaka kuelewa kwa nini neno moja hubeba mapendekezo, haki na madeni kwa pamoja, rudi kwenye asili yake. Limetokana na neno la Kilatini "bulla", lililomaanisha kitu cha mviringo kama povu, kisha likawa jina la muhuri ulioning'inizwa kwenye hati, na mwishowe likawa hati yenyewe. Maana kongwe ya "bill", basi, ni hati iliyoandikwa rasmi, na deni ni tawi moja tu la maana hiyo. Ndiyo sababu ningependa tuandike Hati ya Haki. Tafsiri ya "Mswada wa Haki", ambayo hujitokeza katika insha za wanafunzi, humfanya msomaji adhani kwamba haki zake zinangoja saini ya mtu.

Nimemlipa muuzaji wa Guangzhou na nimelipa nauli ya meli, lakini wakala wa forodha ananiambia kwamba bila "bill of lading" sipati kontena langu. Ni bili gani tena hii? (Mfanyabiashara, Eastleigh)

Hiyo haikudai hata senti moja. Ni hati ya shehena, ambayo hutolewa na kampuni ya meli au wakala wake, nayo ina kazi tatu. Inathibitisha kwamba mzigo umepokewa ili usafirishwe. Ni ushahidi wa mkataba wa usafirishaji. Na, jambo linalokugusa wewe hasa, ni hati ya umiliki, kiasi kwamba aliye na nakala yake halisi ndiye anayeweza kudai mzigo unapofika Mombasa au katika bohari ya makontena ya Embakasi. Kwa sababu hiyo muuzaji makini huishikilia mpaka amalize kulipwa. Kwa desturi hutolewa nakala halisi tatu, na moja ikishatumiwa kuchukua mzigo, zile nyingine hupoteza nguvu.

Usiichanganye na "waybill" ya baharini, ambayo inafanana nayo kwa sura lakini haina kazi ile ya tatu: mzigo hukabidhiwa mtu aliyetajwa ndani yake baada ya kujitambulisha, bila kuhitaji nakala halisi. Kabla ya kutuma pesa mara nyingine, muulize muuzaji atakupa ipi kati ya hati hizo mbili, na uhakikishe kwamba jina la mpokeaji limeandikwa kama lilivyo katika karatasi zako nyingine.

Nikinunua tokeni za stima, je, nimelipa bili? (Msomaji, Umoja)

Kwa maana halisi, hapana. Bili, au ankara kwa Kiswahili cha ofisini, ni karatasi au ujumbe unaotaja kiasi unachodaiwa kwa huduma au bidhaa, ilhali mwenye mita ya tokeni hulipa kabla ya kutumia. Ujumbe unaokuja na tarakimu za tokeni unakaribiana zaidi na risiti, yaani ushahidi wa malipo. Bili ya maji ya kila mwezi ni bili kamili, na bili ya hospitali pia, hata inapolipwa kwa mchango wa jamaa na marafiki.

Benki Kuu huuza "Treasury bills". Je, serikali inanidai? (Msomaji, Kasarani)

Ni kinyume chake: wewe ndiye unayeikopesha serikali, kwa siku 91, 182 au 364. Unainunua hati hiyo ya hazina kwa bei iliyo chini ya thamani iliyoandikwa, na muda ukitimia unalipwa thamani kamili, tofauti hiyo ikiwa ndiyo faida yako kabla ya kodi. Hapa neno limerudi karibu na asili yake, kwani hati ni ahadi ya kulipa.

Ndugu yangu aliye Marekani husema "bills" akimaanisha pesa. Je, ni lugha ya mitaani? (Msomaji, South B)

La, ni Kiingereza sanifu cha Marekani kwa kile ambacho sisi na Waingereza huita noti. Mkahawani, sisi huomba "bill" na kuilipa kwa noti. Yeye huomba "check" na kuilipa kwa "bills".

Magazeti huandika kwamba kampuni fulani imepewa "clean bill of health" na wakaguzi. Afya inaingiaje katika hesabu? (Mhasibu, Upper Hill)

Iliingia kupitia baharini. Zamani nahodha alibeba hati kutoka bandari aliyotoka, ikieleza kama huko kulikuwa na maradhi ya kuambukiza au la, na meli yenye hati safi iliruhusiwa kutia nanga bila kuwekwa karantini. Kwa Kiswahili usitafsiri neno kwa neno. Andika kwamba wakaguzi hawakupata kasoro, au kwamba vitabu vya kampuni vimekutwa safi.

Katika "hornbill", neno hilo lina maana gani? (Mwanafunzi, Lang'ata)

Ni mdomo wa ndege. Hilo ni neno jingine kabisa, la Kiingereza cha kale, lisilo na uhusiano na "bulla", na maneno hayo mawili yalikutana tu katika matamshi na tahajia. Ndege huyo kwa Kiswahili ni hondohondo.