Nimesikia harufu ya gesi usiku, nikawasha feni

Swali: Dada shikamoo. Nipo Mbagala, nina watoto wawili, tunaishi chumba na sebule na jiko liko hapohapo sebuleni. Mwezi uliopita nimeacha mkaa nikanunua mtungi wa kilo 6. Juzi saa nane usiku nimeamka nasikia harufu kama yai viza, nikawasha taa, nikawasha na feni itoe harufu, nikafungua dirisha. Asubuhi haikuwepo tena ila baba yao anasema turudi kwenye mkaa. Jingine, mdogo alijimwagia chai ya moto mkononi, bibi yake akampaka dawa ya meno, na naona kidonda kinachelewa kukauka. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Naanza na mtoto. Mpeleke kituo cha afya leo leo, usisubiri wiki iishe na usimpake kitu kingine. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, ute wa yai, vyote hivo havipoozi, vinaongeza uchafu tu kwenye ngozi iliyo wazi. Mtoto akiungua unakimbilia bombani, maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 nzima ukiangalia saa, hata kama analia, kama bomba limekauka chukua ndoo na kikombe umwagie taratibu, bangili na nguo mvue isipokuwa iliyogandia kwenye ngozi, na barafu hapana. Bibi mweleze kwa upole, ndo alivyofundishwa na yeye.

Sasa gesi. Nilivyofika hapo kwenye feni moyo ulinienda mbio. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, hiyo harufu mbaya inatiwa makusudi ili tushtuke, na wewe ulishtuka, hapo sawa kabisa, ila hayo ya baadae ndo yamenitisha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi darini, inatambaa sakafuni, inajaa uvunguni na kwenye kona, hukohuko watu wanakotandika magodoro. Na swichi ukiibonyeza ndani yake kuna kacheche huwezi kukaona lakini kanatosha kulipua sebule nzima. Kwa hiyo ukisikia tena usiguse swichi yoyote, si kuwasha si kuzima, kiberiti usikishike, fungua mlango maana dirisha liko juu na gesi iko chini, toa watoto, funga mtungi kama unaufikia, ukishakuwa nje mbali ndo upige simu zimamoto 114.

Kurudi kwenye mkaa mi sikushauri. Mkaa ukiwaka ndani mmefunga madirisha unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu hata kidogo, hiyo haikuamshi saa nane.

Kinachotakiwa ni kujua inavujia wapi. Koroga sabuni na maji kidogo mpaka itoe povu, chukua sponji, pakaa kwenye kichwa cha mtungi na pale jiko linapofungiwa, halafu tulia uangalie. Kwangu niliona kapovu kamoja kanavimba taratibu, kanapasuka, kanavimba tena palepale, kumbe kile kipete cha mpira kilikuwa kimeliwa upande mmoja. Na kabla ya hapo nilishaita fundi akawasha kiberiti aupitishie mpira wa gesi eti aone panapovuja, nilimtoa nje mbio na wanangu nikawatoa. Usikubali mtu akufanyie hivo hata kama ana uzoefu wa miaka mingapi.

Ukikuta povu linavimba funga mtungi, utoe nje, umwite aliyekuuzia akubadilishie kipete. Kama jiko lako lina mpira, ukunje kidogo kwa mkono, ukiona nyufa usizungushie selotepu, nunua mwingine. Mtungi ukae umesimama, usiulaze hata gesi ikikaribia kuisha, na usiku funga koki ya mtungi mpaka mwisho, mi nafunga nikishaosha vyombo, kabla sijazima taa.