Hela ya hesabu ikiingia kwenye mkeka

Mmeuliza wiki hii kwa nini mtu mwenye akili timamu anaendelea na jambo analojua kabisa litamwangamiza. Wengi watajibu tamaa, au ujinga. Mimi sikubali. Banda langu la chakula liko ubavuni mwa kijiwe cha bodaboda, na mambo ya kubeti nayaona kila Jumamosi.

Kijana anaweka mechi nane kwenye mkeka mmoja, yaani tiketi moja ya kubeti inayolipa zikitiki zote tu. Saba zinatiki, ya nane inamchania dakika za nyongeza. Kwa kampuni, saba kati ya nane ni sawa na sifuri. Kwake yeye ni "bado kidogo tu". Hata kama kila mechi ingekuwa na nafasi 70 kati ya 100, zote nane kwenda sawa ni kama nafasi 6 tu kati ya 100. Lakini wanasayansi waliopima ubongo wa wacheza kamari wameona kwamba kukosa kidogo huamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamshwa na kushinda, na mtu hutamani kurudia.

Hapo bado hajaharibikiwa. Anaharibikiwa muda mfupi baadaye, anapotia hela ya hesabu, ile anayotakiwa kumpelekea bosi mwenye pikipiki, ili airudishe ile iliyokwenda. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza hili mwaka 1979: hasara huuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyofurahisha, na aliyekwisha kupoteza huwa tayari kubahatisha makubwa kuliko kuikubali hasara aliyonayo. Kijana wa namna hiyo utajiri ameshausahau, anakimbia maumivu. Ukimwambia "utafilisika", unamzidishia yaleyale anayoyakimbia. Ndiyo maana mawaidha ya mama na ya mke hayashiki, na inaniuma sana vijana hawa wakiitwa wapumbavu.

Ninachoona kinasaidia ni hela kutoka mkononi kabla mechi hazijaanza. Wapo pale kijiweni waliokubaliana na mabosi wao hesabu itumwe mchana, wengine wamo kwenye mchezo wa kuchangiana na kupokezana hela, na kijumbe anayekusanya anawapitia asubuhi. Mkeka ukichanika jioni, kwenye simu hakuna cha kufukuzia, wanaagiza ubwabwa wanakula.

Ningetaka sheria izibane na kampuni zenyewe: kila mteja ajiwekee kikomo chake akiwa ametulia, na akishapoteza kiasi hicho, dau lake jipya lisipokelewe mpaka zipite saa 24.