Maswali ya Wasomaji: Mkono wa Risha kwenye Udi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepiga gitaa kwa muda mrefu na sasa nimeanza kupiga udi, ile ala ya nyuzi. Sauti yangu ni nyembamba, risha (kile kipande chembamba cha kupigia nyuzi) inasikika plastiki tupu, na nikiongeza kasi inanasa kwenye nyuzi. Bega nalo linauma. Je, ninunue nyuzi nyingine?
Msomaji, South B, Nairobi

JIBU: Nyuzi usiziguse kwanza. Hayo yote yanatoka kwenye mkono uliozoea gitaa.

Risha haishikwi kwa ncha za vidole viwili. Ilaze kiganjani, mwisho wake utokeze upande wa kidole kidogo, na ncha ipite kati ya gumba na kidole cha shahada, ibaki nje kama sentimita 2. Vidole vingine viifunike bila kukaza. Kigasha kikae juu ya ukingo wa udi, upande wa daraja (kibao kinachoshika nyuzi usoni mwa udi), kifundo cha mkono kikunjwe kidogo ili kiganja kining'inie juu ya nyuzi. Piga kati ya tundu kubwa na daraja. Ukisogea sana karibu na daraja sauti inakauka.

Sasa pigo lenyewe. Nyuzi za udi zimefungwa jozi jozi, isipokuwa ule mnene wa juu ambao kwa kawaida huwa peke yake. Pigo la kushuka lipite nyuzi zote mbili za jozi, kisha risha itue juu ya jozi inayofuata na itulie hapo. Kutua huko ndiko kunakojaza sauti. Mpiga gitaa huinua risha hewani mara tu anapogusa uzi, kwa hiyo mara nyingi anapata uzi mmoja tu wa jozi. Ndiyo sauti nyembamba unayoisikia. Nguvu itoke kwenye kifundo kinachoanguka. Ukisukuma kwa kiwiko, bega litapanda na kuuma. Jozi nyembamba ya mwisho haina pa kutulia, hivyo punguza mwendo hapo usije ukakwaruza uso wa udi.

Weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mdundo, kwenye midundo 60 kwa dakika, jozi moja, pigo moja la kushuka kwa kila mdundo, mpaka yote yalingane. Ndipo uongeze la kupanda, ambalo ni jepesi zaidi na halihitaji kutua. Unapohamia jozi nyingine, anza kwa kushuka. Kwenda kwenye nyembamba ni rahisi kwa kuwa risha imeshatua pale. Kurudi kwenye nene lazima uruke, na hapo ndipo wengi wanapochelewa. Lirudie hilo peke yake.

Kunasa kunatokana na kuzamisha ncha. Kwenye mapigo ya haraka, milimita 1 au 2 chini ya uzi zinatosha, na upande bapa wa risha ndio ukutane na nyuzi, si ukingo.

Risha ukiikosa madukani, mkanda mpana wa plastiki wa kufungia nyaya za umeme unafaa sana. Chagua wenye upana wa milimita 7 au 8, kata sentimita 12 hadi 15 upande ule usio na meno makali, ikate ncha iwe ya mviringo, kisha isugue kwa msasa laini pande zote mbili. Ncha iliyoachwa na kingo ndiyo inayotoa ile kelele ya plastiki.

SWALI: Nina luti ya Ulaya, ala ya nyuzi inayofanana na udi, ile ya kupigwa kwa vidole. Nifuge kucha?
Msomaji, Ngara

JIBU: Hapana, zikate. Luti hupigwa kwa nyama ya ncha za vidole, maana kucha huelekea kugonga uzi mmoja wa jozi na kuuacha wa pili. Kidole kidogo kiguse uso wa ala karibu na daraja, bila kuukandamiza. Kwa muziki wa karne ya 16, gumba lipite ndani ya kiganja, chini ya kidole cha shahada, viwili hivyo vipokezane: gumba kwenye mdundo mzito, shahada kwenye mwepesi. Kwa muziki wa kuanzia miaka ya 1600, gumba litoke nje, lielekee kwenye shingo, kwa kuwa nyuzi za besi ziliongezeka na gumba likawa na kazi ya kuzifikia.