Kabla hujaipa jina asteroidi yako

Wadogo zangu mnaoingia kwenye upimaji wa picha za asteroidi, ile miamba midogo inayolizunguka Jua, nawapenda, lakini leo lazima niseme. Seti mpya ya picha haijamaliza kushuka, mtu ameshatuma kwenye grupu kiduara chekundu na swali: je, naweza kuiita jina la bibi yangu? Bibi anastahili kabisa. Ila kwenye fremu ya tatu (kila seti ina fremu nne, yaani picha nne za sehemu ileile ya anga) hakuna kitu, na mwangaza umeruka kutoka magnitudo 20.1 hadi 18.7 (namba ndogo ndiyo angavu zaidi). Hizo ni kelele za kamera, yaani alama za uongo, si asteroidi.

1. Chezesheni fremu zote nne polepole, kisha mkuze picha. Asteroidi ya ukanda mkuu, ule ulio kati ya Mirihi na Mshtarii, husogea kwa mstari ulionyooka, kwa mwendo uleule, na ina ukungu mwembamba pembeni kama nyota jirani zake. Pikseli mbovu ni kidoa chenye kingo kali, hakina ukungu wowote.

2. Usiku mmoja si ugunduzi. Hapa tukae kitako.

Max Wolf wa Heidelberg, Ujerumani, ndiye aliyeanzisha kazi hii ya kusaka asteroidi kwa picha. Brucia, aliyoipata Desemba 1891, ni ya kwanza kugunduliwa kwa njia hiyo. Darubini ilifuata nyota kwa muda mrefu. Nyota zikatoka kama nukta, asteroidi ikaacha kistari kifupi kwenye sahani ya kioo iliyotumika kupigia picha. Tarehe 18 Machi 1892 akaripoti nyingine, ikapewa namba 330 na jina Adalberta. Ikatafutwa, haikuonekana. Wolf akazeeka, akafariki, Adalberta bado imo kwenye orodha ya zilizopotea. Mwaka 1982 ndipo ilipobainika kwamba alichokuwa amepima ni nyota mbili. Hapakuwa na asteroidi. Kwa miaka 90 namba na jina vilikuwa vya kitu ambacho hakikuwahi kuwepo! Mwishowe vikahamishiwa asteroidi nyingine, ambayo Wolf huyohuyo aliigundua Februari 1910.

Kila nikiisoma habari hii naumia kwa ajili yake. Huyu ni mtu mwenye asteroidi 248 kwa jina lake, si mvivu wala mbabaishaji. Basi wewe uliyeanza juzi, unayepima saa nane usiku huku macho yanafumba, unapata wapi ujasiri wa kutuma ripoti bila kumwonyesha mwenzako?

3. Hata ikiwa ya kweli, bila obiti, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, huna kitu mkononi. Mwanaastronomia Giuseppe Piazzi aliiona Ceres, ya kwanza kabisa kugunduliwa, kule Palermo, Italia, tarehe 1 Januari 1801, akaifuata hadi Februari, kisha ikazama kwenye mwanga wa Jua. Vipimo vyake vilifunika kipande kidogo tu cha safari inayochukua miaka 4.6. Ilibidi Gauss, mwanahisabati Mjerumani, kijana wa miaka 24, atafute njia mpya ya kukokotoa obiti ndipo Ceres ikaonekana tena mwishoni mwa mwaka uleule. Kwa hiyo usiku wa pili ukiwa na mawingu, usinung'unike grupuni. Omba mwenye darubini kwingine akusaidie.

4. Jina huja mwisho. Kwanza ni utambulisho wa muda, na someni herufi zake jamani, msiulize kila wiki. Cyril Jackson aligundua asteroidi mbili Johannesburg tarehe 15 Juni 1933: 1933 LA na 1933 LB. L ni nusu ya kwanza ya Juni (kila nusu mwezi ina herufi yake kuanzia A ya Januari, na herufi I haitumiki), A ni ya kwanza katika nusu mwezi hiyo, B ya pili. Leo ndizo 1278 Kenya na 1279 Uganda, majirani hata huko juu, kila moja ikilizunguka Jua kwa chini ya miaka 4. Namba ya kudumu hutolewa obiti ikishathibitika, na hiyo ni kazi ya miaka. Hapo ndipo mgunduzi anapopata miaka 10 ya kupendekeza jina: lisizidi herufi 16, lisiwe la biashara, na mwanasiasa asubiri miaka 100 baada ya kufa. Bibi anaruhusiwa.

Kwenye seti ya leo kuna kitu hafifu kushoto mwa ile nyota angavu. Atakayekipima anitumie vipimo vyote vinne kabla ripoti haijaenda MPC (Minor Planet Center), kituo cha kimataifa kinachopokea vipimo vya asteroidi.